Pampu za Dukani kwa Kubat

Gari la Kubat lilifika gerejini likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la makaa ya mawe. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, na kila dereva katika bonde la Suusamyr alikuwa anatazama mawingu juu ya mlima Ala-Bel na kupiga hesabu ya saa alizobakiwa nazo kabla ya theluji kufunga njia. Gari lenyewe lilikuwa Audi kuukuu la rangi ya majivu, limekwisha tembea kilomita laki nne na themanini elfu. Anipa alikuwa ananawa mikono kwa birika. Aliinua macho, akamwona mtu aliyekaa nyuma ya usukani, na birika likabaki limeinama mkononi mwake mpaka maji yakaisha yote.

Miaka minne alikuwa anamngoja mtu huyo. Hakuwa na mpango wowote, alichokuwa nacho ni kiu tu. Usiku mwingine alimwazia amezama mtoni, usiku mwingine amefilisika, anaokota chupa sokoni. Lakini hata siku moja hakuwahi kuwazia kwamba angeletwa kwa kamba mpaka mlangoni pake, amevaa kofia nyeupe ya sufu na koti jipya, mkewe pembeni amejifunga kitambaa cha hariri.

Gereji hiyo ilikuwa ya kaka yake, Emil. Zamani Emil alikuwa fundi ambaye madereva wa barabara nzima, toka Bishkek mpaka Osh, walimwita daktari. Januari ya miaka minne nyuma alikwenda mjini Kara-Balta, akanunua pampu ya petroli dukani kwa Kubat, mpya, ndani ya boksi lililozibwa, akaifunga kwenye gari lake mwenyewe. Siku ya tatu ikamfia juu kabisa ya Ala-Bel, jioni, upepo unakata kama wembe. Nyuma alikuwa amempakia bibi mmoja na mjukuu wake. Emil akavua glavu, akafungua tangi, akajaribu kuirudisha ile pampu ya zamani aliyokuwa ameitupa butini. Petroli ilimtiririkia mikononi. Mtu wa bara la joto hawezi kujua petroli kwenye baridi ya namna ile inafanya nini kwa nyama ya binadamu: haigandi yenyewe, lakini inakugandisha wewe. Injini ilishika tena. Bibi na mjukuu walifika salama. Vidole vya Emil havikufika. Hospitali ilikata vinane.

Anipa ndiye aliyebeba ile pampu mpaka dukani kwa Kubat. Aliiweka mezani, akaeleza. Kubat hakuigusa. Alisema, "Gari la kilomita nyingi namna hiyo, dada, hata ukilifungia moyo wa farasi litakufa tu. Na kaka yako nani alimtuma apande mlima Januari?" Wateja waliokuwapo wakacheka. Kicheko kile ndicho Anipa alichorudi nacho nyumbani. Tangu hapo akashika spana yeye. Emil alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akawa anamfundisha kwa mdomo: legeza hiyo, shika hapo, usilazimishe, sikiliza. Miaka minne ya kufundishwa kwa mdomo, na sasa madereva walimwita daktari yeye.

"Salaam alaykum, binti," Kubat alisema akishuka. "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Kubat alimtazama kuanzia kilemba mpaka buti zake zilizojaa grisi, akacheka kidogo. Hakumtambua. "Haya, dunia imegeuka. Basi tuokoe, fundi. Tunakwenda Toktogul kumposea mwanangu. Wakwe wamekwisha chinja. Gari lilianza kukohoa kwenye mlima wa nyuma, likakohoa, likakohoa, halafu kimya."

"Nilimwambia ajaze mafuta," mkewe, Saadat, alisema kutoka ndani ya gari. "Taa nyekundu inawaka tangu jana. Ananiambia taa ni pambo."

"Saadat, tafadhali."

"Si nasema ukweli?"

Pale nje, mbele ya kibanda cha chai, walikuwa wamesimama madereva watatu na bakuli zao. Mmoja wao aliitwa Bolot, kijana wa mdomo mrefu aliyekuwa na basi dogo la abiria. Walisogea, kwa sababu boneti likishafunguliwa, hakuna dereva wa njia ile anayeweza kukaa mbali.

Anipa alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alitazama fyuzi: nzima. Alibadilisha relei, swichi ya umeme wa pampu, kwa nyingine: hakuna kitu. Alimwambia Kubat apige stata, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika. "Pampu," alisema. "Ukiendesha tangi tupu inakosa mafuta ya kuipoza. Inajipika yenyewe. Ila sitaki kubahatisha, ngoja niisikilize. Toa mizigo butini. Pampu ya gari hili inafikiwa kwa kupitia humo."

Kubat hakusogea. "Mizigo ya butini? Yote?"

"Nitalaza sikio juu ya masanduku?"

Bolot alikwisha anza kusaidia bila kuombwa. Alitoa begi la zawadi, akatoa kanzu ya mkwe iliyofungwa kwenye nailoni, akatoa ndoo ya asali. Chini yake kulikuwa na katoni kubwa. Bolot aliivuta, ikachanika kona, na maboksi madogo ya buluu yakamwagika kwenye changarawe.

Anipa aliinama, akaokota moja. Kibandiko cha duka la Kubat kilikuwa palepale pembeni, chekundu, kama kile cha boksi la Emil. Pampu za petroli. Zilikuwa kumi na mbili.

Alilirudisha boksi juu ya mengine, akafunua zulia la buti, akafungua kifuniko, akachomeka taa ya kupimia. Kubat alipopiga stata, taa iliwaka: umeme unafika. Aligonga tangi taratibu kwa nyundo ya mpira. Pampu ikanguruma kidogo kama mzee anayeota, ikanyamaza. Hakukuwa na shaka tena.

"Imekufa," alisema, akasimama. "Lakini nyota yako inawaka, mzee wangu. Wagonjwa wengine wanakuja hapa, dawa inabidi iagizwe mjini, siku mbili. Wewe umekuja na dawa yako mwenyewe, dazeni nzima. Nusu saa tu, unaondoka."

Kubat alicheka, cheko fupi. "Aa, hizo hapana. Hizo ni za wateja."

Bolot aliokota boksi moja, akaligeuza.

"Za wateja kivipi?" Bolot aliuliza.

"Zina mwenyewe. Nazipeleka kwa mtu Toktogul, amekwisha agiza dazeni. Nikipunguza moja nitasemaje?"

"Utasema umeharibikiwa njiani," Anipa alijibu. "Nani atakulaumu?"

"Halafu sidhani kama zinaingia kwenye gari hili."

Anipa alisoma boksi kwa sauti. Jina la gari lilikuwa limeandikwa pale, na mwaka pia. Dereva wa lori la makaa, mtu mkimya mwenye masharubu, alisogea na kusoma naye, kidole chake kikifuata maandishi. "Inaingia," alisema.

"Kubat!" Saadat alikuwa ametoka garini. "Watu wamechinja, unazungumza nini wewe? Binti, mfungie hiyo. Mwaka mzima ananiimbia: pampu zangu, pampu zangu, hata Wajerumani wenyewe hawana."

"Nyamaza, mke wangu."

"Ninyamaze kwa nini? Mawingu yale huyaoni?"

Kubat alimshika Anipa mkono wa koti, akamvuta pembeni ya ukuta. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia, na baridi yote ile. "Dada yangu," alinong'ona. "Bila shaka una moja nzuri mahali. Mafundi wote huwa wanaficha moja. Nipe hiyo. Sema unataka nini, nitakupa."

Alikuwa nayo. Ilikuwa juu ya rafu, imefungwa kwenye kitambaa, binamu yao ameileta kutoka Ujerumani ndani ya begi la nguo. Anipa alimtazama Kubat usoni, akaona kitu alichokuwa na kiu nacho kwa miaka minne. Woga. Akaongea kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Mzee Kubat anataka pampu nyingine. Anasema hizi zake hazitaki. Mimi sielewi. Nyie mnaelewa?"

"Mimi ninayo moja ya kwake," Bolot alisema polepole. "Nimeifunga mwezi wa nane. Sasa hivi nina watu kumi na watano. Mzee, kwa nini huitaki?"

"Jamani, msinikuzie jambo—"

"Kwa nini huitaki?"

"Chagua, mzee wangu," Anipa alisema. "Nikufungie yako, upande nayo Ala-Bel wewe na mama. Au utuambie hapa hapa hizi ni kitu gani, halafu tutaona. Zaidi ya hapo sina."

Kubat aliutazama mlima. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka nusu yake. Alimtazama mkewe, ambaye sasa alikuwa ameacha kupiga kelele na anamtazama kwa macho mengine kabisa. Alifuta midomo.

"Ni za zamani," alisema.

"Sema vizuri," Anipa alisema. "Upepo unavuma."

"Ni pampu zilizotumika! Zinatolewa kwenye magari yaliyokufa. Zinaoshwa, zinapigwa rangi, zinatiwa kwenye boksi jipya. Nyingine zinakaa mwaka. Nyingine..." Aliinua mabega. "Kila mtu anafanya hivyo. Mnafikiri ni mimi peke yangu?"

"Rudia," Bolot alisema. Alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake. "Jina lako na duka lako, halafu rudia."

Anipa hakuwa amelipanga hilo la simu, lakini hakulizuia. Kubat alipoikwepa ile simu, dereva wa lori alisimama nyuma yake kama ukuta, na Kubat akarudia. Bolot akaituma kwenye kundi la madereva, watu elfu mbili na zaidi, hapo hapo, kidole kimoja tu.

"Na sasa," Anipa alisema, "unikumbuke mimi. Nilikuja dukani kwako Januari, nimebeba pampu yako kwenye mfuko. Uliniuliza nani alimtuma kaka yangu apande mlima. Watu wakacheka. Sasa cheka."

Kubat alimtazama tena, kuanzia kilemba mpaka buti.

Mlango wa gereji ulifunguka. Emil alikuwa amesikia yote kutoka kitini pake. Alitoka na koti lake la manyoya limening'inia wazi mabegani, akaja mpaka mbele ya Kubat, akasimama karibu mno, kama mtu anayetaka kumnong'oneza. Hakuonyesha hasira. Anipa alikuwa amezoea kumwona hivyo, na mara nyingi, kwa uchungu, alikuwa amedhani kaka yake amekwisha samehe.

"Baridi leo, kaka Kubat," Emil alisema. "Nifunge vifungo."

Kubat hakuelewa. Emil akatoa mikono yake mifukoni, akaiinua kati ya nyuso zao: vidole gumba viwili, na ngozi iliyokunjamana, nyekundu, inang'aa.

"Vifungo vya koti. Ni saba. Kila asubuhi dada yangu ananifunga. Leo nifunge wewe."

Kubat akaanza. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimenona, na kifungo cha kwanza kilimtoroka mara tatu. Bolot alikwenda kuizima injini ya basi lake iliyokuwa inanguruma. Kwenye kifungo cha nne Kubat alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakimwingia kwenye masharubu. "Endelea," Emil alisema. Alimwacha amalize vyote saba, na cha mwisho, kile cha shingoni, alimwambia amekibana mno, alegeze, afunge tena.

Halafu akamgeukia dada yake. "Mfungie ile ya Ujerumani."

"Nini?"

"Iliyo rafuni. Mfungie."

Anipa alimvuta ndani, akafunga mlango kwa teke. "Una wazimu, kaka? Nimngoje mtu miaka minne halafu nimpe kitu chetu kizuri kuliko vyote? Mfungie yake! Apande nayo huko, asikie kila kohoo la injini, ajue!"

"Ikimfia juu kule, atakufa shahidi. Watamlilia Kara-Balta nzima. Watasema maskini, alikuwa safarini kumwoza mwanawe." Emil aliketi. "Maiti haoni haya, Anipa. Mimi nataka afike. Unaielewa Toktogul? Bolot amekwisha tuma. Kabla huyu hajashuka mlima, wakwe watakuwa wamekwisha iona kwenye simu, na majirani wa wakwe. Nataka aingie mlangoni mwao akiwa mzima wa afya, ana joto, ana akili zake zote. Mfungie nzuri. Na uifunge vizuri kuliko kazi yoyote uliyowahi kufanya."

Anipa alimtazama kaka yake kama mtu aliyeishi na paka miaka minne, leo akagundua ni chui. Akachukua pampu rafuni.

Alikata betri kwanza. Aliwafukuza wavuta sigara. Pete ya kubana ya tangi ilikuwa imeshika kutu, akaigonga kwa kipande cha mti, kidogo kidogo ili isitoe cheche, mpaka ikalegea, na harufu ya petroli ikampanda mpaka nyuma ya macho. Pampu iliyokufa ilitoka na chujio lake jeusi kama soksi ya mchimba makaa. Alifuta, alipaka mafuta mpira mpya wa kuzibia, akaunga waya, akasukuma bomba la mpira mahali pake, akaweka kibano na kuanza kukikaza kwa bisibisi.

Hapo ndipo mkono uliposimama.

Nusu mzunguko tu. Akikiacha kibano kimelegea nusu mzunguko, gari litawaka, litapanda, na huko njiani mvuke wa petroli utaanza kujaa butini taratibu, chini ya kanzu ya mkwe na ndoo ya asali. Hakuna atakayejua. Gari la kilomita nyingi, watasema. Aliinua kichwa. Kupitia dirisha la nyuma la basi la Bolot alimwona Saadat amekaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, amevua kile kitambaa cha hariri. Amekataa kupanda tena na mumewe. Kwa hiyo angekuwa Kubat peke yake. Jambo hilo lilifanya wazo liwe tamu zaidi, na Anipa baadaye hakulificha, alikuwa akilisema waziwazi.

Alikaza. Si kwa huruma. Ila barabara nzima ilijua gari hilo limetoka gerejini kwa Emil, na jina hilo hakuwa tayari kulilegeza hata robo mzunguko.

Alirudisha betri, akamimina petroli tangini, na injini ikashika mara ya kwanza. Pampu ya Ujerumani ililia kasauti kembamba, safi. Kubat aliingia garini bila kumtazama mtu. Alitaka kurudisha maboksi yake, lakini dereva wa lori alikuwa amekwisha yapanga barabarani, yote kumi na mawili, na gurudumu la lori likapita juu yake polepole, mbele, halafu nyuma. Kubat akaondoka. Theluji ilianza kudondoka dakika ishirini baadaye.

Siku tatu Anipa hakuwa na raha. Alikosea kazi, aliunguza mkate, alikasirika Emil alipopiga mluzi. Siku ya nne, njia ilipofunguliwa, basi la Bolot lilisimama mbele ya kibanda cha chai, na Bolot akaruka chini kabla hata ya kuvuta breki ya mkono.

"Alifika?" Anipa alimdaka.

"Alifika. Pampu yangu ilinihurumia, nikamfikisha mama Saadat pale pale, nikaalikwa nyama, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Vijana hawajaharibiwa kitu, wataoana, baba wa binti ni mtu wa haki. Lakini huyu wetu!" Bolot alikaa, akapokea chai. "Alipoingia, watu walinyamaza. Mwenye nyumba akamsalimia kwa adabu, akamwonyesha pa kukaa. Mlangoni. Dada Anipa, mlangoni kabisa, pale pa viatu, pamoja na vijana wa kuwamwagia wageni maji mikononi. Baba wa bwana harusi! Mama Saadat akapelekwa juu, mahali pa heshima, yeye yuko mlangoni na upepo unamwingia mgongoni. Na kichwa cha kondoo, haki ya mgeni mkuu, alipewa mtu mwingine. Halafu mzee mmoja, kipofu, akauliza kwa sauti, 'Yule wa pampu ameshafika?'"

Anipa alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilitoka mbali, kikamuumiza mbavu.

"Rudia," alisema. "Pale alipoingia. Alikuwa amevaa kofia?"

Bolot akarudia, akaongeza chumvi kidogo. Duka, alisema, limefungwa tangu juzi, watu wamejipanga nje na pampu zao mikononi. Anipa akamjazia chai, akamkatia mkate, akamwambia arudie tena kuhusu upepo.

Akiwa katikati, mlango wa gereji ukagongwa kwa kiwiko kutoka ndani.

"Ongea kwa sauti, wewe kijana," Emil alisema. "Na uanzie mwanzo. Sikusikia vizuri pale pa viatu."